Je, Wajua Gurudumu Hutetemeka Kwa Nini, na Breki Hulilia Nini?

Mwenye gari apelekapo chombo chake gereji, aghalabu husema, "Latikisika," au, "Breki zapiga kelele," akadhani amekwisha kueleza yote. Ilhali fundi mwenye maarifa, kabla hajashika spana wala kutia jeki, humwuliza neno moja tu: lini? Kwani wakati wa mtikiso ni ushahidi mkubwa kuliko ukali wake.

Ikiwa usukani hutulia mjini, kisha ukaanza kutetemeka mikononi gari lifikapo mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa, tuhuma ya kwanza huyaendea magurudumu ya mbele, ambayo uzito wake umepoteza ulinganifu, pengine kwa kuwa kipande cha risasi kilichobandikwa kwenye rimu kimedondoka, au tope la masika limekaukia upande mmoja. Gramu 20 tu zikizidi ukingoni mwa rimu, katika mwendo wa kilomita 100 hulivuta gurudumu kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 3 na zaidi, yapata mara 15 kwa kila sekunde. Mtikiso ukisikika kitini badala ya usukanini, yatazame ya nyuma.

Bali gari likitikisika pale tu unapokanyaga breki, mashaka huhamia kwenye diski, ile sahani ya chuma ibanwayo na pedi za breki. Watu husema imepinda kwa moto, na mimi naona kauli hiyo imewagharimu wengi bure, maana mara nyingi diski haikupinda hata kidogo: unene wake ndio uliotafautiana, kwa chembe za pedi zilizogandamana juu yake, na tafauti ya sehemu chache za mia za milimita yatosha mguu kuihisi. Dereva ashukaye mlima wa Kitonga kwa breki tupu, pasipo gia nzito, kisha akasimama chini na mguu juu ya pedeli, huenda akaacha alama ya pedi juu ya diski iliyowaka moto.

Ama kilio chembamba, asili yake ni ile ile ya zeze la Wagogo: upinde hushika uzi, ukateleza, ukashika tena, kadhalika pedi na diski, maelfu ya mara kwa sekunde. Pwani, ambako unyevu wa bahari huvisha diski kutu nyepesi usiku mmoja, kilio cha asubuhi kinachokoma baada ya breki mbili tatu hakina madhara. Kidumucho kutwa ni jambo jingine, kwani pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi uguse diski na kupiga yowe zibakiapo milimita 2 au 3. Na likisikika kwaruzo zito, chuma kimekwisha kukutana na chuma, na gari hilo lisitembezwe tena.

Kelele hizi ni za zamani. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili breki ya diski mwaka 1902, na vipande vyake vya shaba vililia vibaya mno, hata Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, alipoleta vitambaa vya asbesto vilivyonyamazisha chuma. Asbesto hiyo ikaja kujulikana kuwa huua kwa njia ya mapafu, na magari ya zamani bado yaweza kuwa nayo; ndiyo sababu fundi aliyefunzwa hulowesha vumbi la breki kabla ya kulipangusa, wala hamwachi mwanafunzi wake alipulize kwa kinywa.