Kuku wa Mtoto ni wa Nani?

Jioni moja, nje kidogo ya mji wa Mugumu, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha mwenyeji wangu nikitazama ng'ombe wakiingia zizini. Mvulana wa darasa la nne alisimama langoni na fimbo yake, kimya, wala hakuonekana kuhesabu. Ng'ombe wa mwisho alipopita alisema tu, "Yule wa paji jeupe hayupo," akageuka, akarudi alikotoka. Hakuna aliyemtuma, na giza lilikuwa linaingia. Karibu saa nzima ilipita ndipo akatokea, ndama akiwa mbele yake. Akaziba lango kwa matawi ya miiba, akaenda kunawa miguu. Baba yake hakusema neno. Katika mji wa mfugaji wa Serengeti hiyo si habari ya kusimuliana.

Kesho yake nilimkuta shuleni, benchi la nyuma, macho dirishani. Mwalimu wake, mtu mpole na mchapakazi, aliniinamia akaninong'oneza: "Huyu hana bidii kabisa. Hesabu zinampita hivi hivi."

Simlaumu mwalimu. Alikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na mvulana kweli alikuwa ameshindwa kutoa kwa kukopa. Lakini umakini, uwajibikaji, uvumilivu na kufanya jambo sahihi pasipo kusimamiwa, yale yote ambayo sisi watu wa saikolojia ya elimu tunayaandalia semina, mtoto yule alikuwa nayo tele. Aliyaacha langoni mwa shule pamoja na fimbo yake ya kuchungia.

Tangu mitaala mipya ianze kutumika mwaka 2024, shule zetu zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Sina ugomvi nalo. Ila nimeona daftari ambalo mtoto amenakili maana ya uaminifu kwa mwandiko mzuri, akapata vema, na hakuna siku hata moja ambayo mtu mzima alimkabidhi kitu cha kuaminiwa nacho. Tabia haikai daftarini. Inakaa kwenye kazi ambayo mtoto ameachiwa kweli, na kwenye neno la mkubwa ambalo mtoto ameona likitimizwa.

Hilo la kazi majirani zetu wamelijua siku nyingi. Miaka ya 1970 watafiti Sara Harkness na Charles Super walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, watu wa ng'ombe na mashamba ambao maisha yao Mkurya wa Tarime hahitaji kuelezwa. Waliwauliza akina mama mtoto mwenye akili ni yupi. Jibu halikuwa anayejua kusoma. Alikuwa ni yule anayemaliza kula akafagia bila kuambiwa, akamwangalia mdogo wake, akatumwa akarudi na kilichotumwa. Akili ya shuleni waliitaja, lakini waliitenga, kama kitu kingine chenye makazi yake. Na mwaka 2001 ulichapishwa utafiti kuhusu Wajaluo wa Kenya, ndugu wa hawa tunaopakana nao Rorya, ulioonyesha kwamba akili kwao ina majina manne: rieko, luoro, winjo na paro. Kwa ufupi wa haraka ni maarifa, heshima, kuelewa namna ya kuyakabili mambo ya maisha, na kuanzisha jambo mwenyewe. Shule inapima lile la kwanza. Matatu yaliyobaki mtoto hutoka nayo nyumbani asubuhi na kurudi nayo jioni, hakuna aliyeyauliza.

Sasa nije kwenye subira, maana ndiyo wazazi huniuliza zaidi. Wengi wamesikia habari za jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mtoto wa miaka minne au mitano anawekewa kitamu kimoja mezani, anaambiwa: ukingoja nirudi utapata viwili. Waliongoja, ikasemekana baadaye, walifanya vizuri zaidi shuleni. Dunia ikashika kwamba subira ni kipaji, anacho mtu au hana. Mwaka 2018 watafiti wengine walirudia uchambuzi huo kwa watoto zaidi ya 900, na walipotia hesabuni hali ya nyumbani kwao, sehemu kubwa ya tofauti ikayeyuka.

Yapo mawili ambayo hayakuvuma kama lile la kwanza, nami nayapenda zaidi. Bettina Lamm na wenzake walipeleka jaribio hilo kwa watoto wa Wanso, wakulima wa Kamerun, wakaweka mezani andazi la kwao. Zaidi ya theluthi mbili waliweza kungoja, wakati watoto wa Ujerumani walioweza hawakufika theluthi moja. Baadhi ya wale wa Kamerun walisinzia wakingoja. (Anayesema mtoto wa kijijini hana subira aende akasimame naye kwenye foleni ya maji.) La pili ni la Celeste Kidd, la mwaka 2013. Kabla ya jaribio, watoto waliahidiwa kalamu za rangi nzuri zaidi. Kundi moja lililetewa. Kundi la pili liliambiwa samahani, hazipo. Ndipo kitamu kikawekwa. Waliotimiziwa ahadi walingoja kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa, dakika 3.

Wale wa dakika 3 hawakuwa walafi. Walikuwa wamepiga hesabu: huyu mtu mzima neno lake halina uzito, bora nile kilichopo.

Nami nimewahi kuwa mtu mzima huyo. Niliwaahidi watoto wa shule moja ya Serengeti kwamba ningerudi mwezi unaofuata na vitabu vya hadithi. Kazi zikaingiliana, mvua ikaharibu barabara, visingizio vyangu vilikuwa vizuri sana. Nilirudi baada ya miezi minane. Gari liliposimama hakuna mtoto aliyekimbia. Mwalimu mkuu akanikaribisha, na tukiwa tunashusha boksi akasema, bila kunilaumu hata kidogo, "Walikuwa wanauliza kila Ijumaa. Baadaye wakaacha." Mpaka leo siandiki neno "uvumilivu" kwenye ripoti bila kukumbuka hilo boksi.

Ukilitazama hivi, hata kijana wa Nyamongo anayeacha shule kufuata mawe yenye masalia ya dhahabu unamwelewa kwa namna nyingine. Tunamwita mkosa subira. Lakini anamwona kaka yake aliyemaliza kidato cha nne akiwa kijiweni, na anamwona jirani aliyepata jiwe jana akinunua bodaboda. Sisemi anafanya vema; jiwe hilo limeua watu. Nasema ukitaka angoje, lazima awepo mtu karibu yake ambaye kungoja kumemlipa, na mtu huyo akae naye amweleze ilikuwaje, mwaka kwa mwaka, pamoja na kufeli kwake.

Turudi kwenye kazi, kwa sababu hapa ndipo shule zetu zilipoteza kitu kikubwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka mkoa huu huu wa Mara. Alichunga Butiama kabla ya kupelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wenyewe wanalipanga, wanalilima, na wanaamua mapato yatumikeje. Waulize waliosoma miaka iliyofuata wanakumbuka nini. Wengi watakuambia: jembe lilikuwa adhabu. Umechelewa, kalime. Umeongea Kikurya darasani, kafyeke. Mtoto aliyezoea nyumbani kwamba kupewa kazi ni kuaminiwa, akafundishwa shuleni kwamba kupewa kazi ni kukosa. Ni hasara ambayo hakuna mtihani wa kuipima.

Na fimbo je? Mara ni mkoa ambao mzazi anaweza kumwambia mwalimu uso kwa uso, "Mchape, ni wako huyo." Kanuni za viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinasema fimbo zisizidi nne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha, na iandikwe kitabuni. Ni mara ngapi umekiona hicho kitabu? Fimbo inafundisha, sikatai. Inamfundisha mtoto kuangalia kama mwalimu yupo. Yule mvulana wa ndama angekuwa amefundishwa hivyo angefunga lango akalala, maana baba yake hakuwa ameona.

Kuna jambo moja ambalo wanaume wenzangu wa Tarime hawapendi kulisikia. Mwaka 1973 Carol Ember alichapisha utafiti alioufanya kwa Wajaluo wa kusini mwa Nyanza. Katika miji isiyo na binti mkubwa, mvulana alilazimika kuchota maji, kupika, kubeba mtoto mgongoni. Wavulana hao walionekana kuwa na ugomvi mdogo na utayari mkubwa wa kusaidia kuliko wenzao, na tabia hiyo haikuishia jikoni, ilionekana hata wakiwa nje na wenzao. Hiyo ni ng'ambo tu ya mpaka wa Sirari, si Ulaya. Tunalalamika kuhusu hasira za vijana wetu, tunafanya vikao vya usuluhishi wa koo, na wakati huo huo mvulana wa miaka tisa akishika mwiko tunamcheka: "Mura, umekuwa mke wa nani?" Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuitisha kikao.

Upande wa mabinti siwezi kupita haraka. Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara, baadhi yao huonyesha tabia ambazo hakuna mtaala uliwahi kuziota. Binti wa miaka kumi na miwili anasikia mipango ya kukeketwa, anaificha sare yake ya shule, anachagua usiku wa kuondoka, anatembea mpaka kituo cha polisi au mpaka nyumba salama: Masanga kule Tarime, au Mugumu kwenye kituo cha Hope for Girls and Women, shirika lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana mdogo akaponea chupuchupu. Kupanga, kutunza siri, kushinda woga, kuomba msaada kwa mtu sahihi: tunasafiri mbali kuhudhuria mafunzo ya mambo hayo. Sheria ya mwaka 1998 inakataza ukeketaji kwa walio chini ya miaka 18, kwa hiyo binti huyo anatii sheria kuliko kikao cha wazee wake.

Kinachofuata ndicho kinachonigusa kama mtaalamu. Msimu ukiisha, kituo hukaa na wazazi, maofisa wa ustawi wa jamii na polisi, na mzazi huandika ahadi kwamba binti akirudi hatakeketwa. Wapo wanaorudi nyumbani. Wapo wanaobaki kituoni, kwa sababu karatasi imesainiwa lakini binti anamjua aliyesaini. Hapo unaona jaribio la Celeste Kidd bila maabara: mtoto anapima neno la mkubwa, na maisha yake yanategemea jibu.

Mzazi huniuliza, sasa nifanye nini kesho asubuhi? Sina orodha. Nina kuku. Mpe mtoto wa miaka minane au tisa tetea mmoja awe wake kweli. Amwangalie anapoatamia, aandike kwenye daftari mayai mangapi, vifaranga wangapi, wangapi wamekwenda na mwewe. Hesabu ile ya kutoa iliyompita darasani itaingia hapa. Akipoteza, usimfidie haraka wala usimtukane. Muulize angefanya nini tofauti. Akifanikiwa, sifia alichofanya, kwamba aliziba tundu la banda, usisifie kwamba ana akili, maana mwenye sifa ya akili huogopa kujaribu asije akaonekana hana. Na kazi isile muda wa shule. Mtoto anayechunga siku nzima Jumanne huku wenzake wako darasani hajengwi tabia, anatumikishwa.

Ugumu wa zoezi hili hauko kwa mtoto. Baba mmoja wa kijiji cha Tarime alilijaribu kwa ushauri wangu, na mwezi wa tatu akapata wageni ghafla, wakwe, watu wa heshima. Uani palikuwa na kuku mmoja tu mwenye nyama ya kutosha. Zamani asingefikiri mara mbili. Kuku wa mtoto siku zote amekuwa mboga ya baba. Safari hii alimwita binti yake nyuma ya nyumba, wakazungumza, kisu kikiwa tayari mkononi mwa mama.

Nilipopita kuwasalimia, binti alinionyesha daftari. Chini ya safu ya mayai kulikuwa na mwandiko mwingine, mkubwa, wa mtu asiyeandika mara kwa mara: "Nadaiwa tetea 1. Nitalipa siku ya mnada. Baba." Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa mtoto: "Amelipa. Huyu wa sasa ana madoa."