Bushi Iliyochoka na Tairi Zinazodunda Mlimani

Kwa Sadala, wilayani Hai, ndipo barabara ya kupanda Masama inapoachana na barabara kuu ya Moshi–Arusha, na ndipo magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele yanapoanza kujaribiwa na mlima. Gari likiondoka kwa nguvu kwenye mwinuko, hasa changarawe ikiwa imelowa, tairi za mbele huweza kushika na kuachia ardhi mara kadhaa ndani ya sekunde moja, usukani ukatetemeka na bodi nzima ikapokea mapigo. Kudunda huko huwasumbua zaidi wenye magari ya mwendo kasi, kama vile Toyota Starlet ya toleo la Glanza V, ambayo injini yake ya lita 1.3 yenye turbo hutoa nguvu za farasi 135 na kuzipeleka zote mbele.

Gari linapopanda, uzito huhamia nyuma. Gari la kilo 1,000, ambalo kitovu chake cha uzito kipo nusu mita kutoka ardhini na lina mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, likisimama kwenye mwinuko wa asilimia 20 hupoteza karibu kilo 40 upande wa mbele, na mifuko ya saruji iliyorundikwa kwenye buti huzidisha upungufu huo. Hata hivyo si haki kuulaumu mfumo wenyewe, kwa kuwa DKW, gari la kuvuta kwa mbele, lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1956, na Erik Carlsson akashika nafasi ya pili mwaka 1964 akiendesha Saab 96.

Fundi mzoefu wa miguu ya gari, anapoletewa gari linalodunda, haanzi na injini. Huinua upande wa mbele kwa jeki, huingiza mtaimbo kati ya chasisi na mkono wa chini, yaani kile chuma kinacholishikilia gurudumu lisiende mbele wala nyuma, kisha husukuma taratibu macho yakiwa kwenye bushi ya nyuma ya mkono huo. Bushi ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Iliyo nzima hujikunja kidogo na kurudi. Iliyochoka hufunguka ufa, bomba la ndani likawa limehamia upande mmoja, na pale chuma kiliposuguana na chuma pakang'aa. Mng'ao huo humwambia fundi kwamba kila tairi linaposhika ardhi mkono huvutika kama upinde, na linapoteleza hufyatuka.

Kazi yenye ustadi mkubwa zaidi huja mwishoni mwa kubadilisha bushi, nayo ndiyo inayopuuzwa. Nati ya bushi ya mpira hukazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa sababu ikikazwa mguu ukiwa unaning'inia kwenye jeki, mpira hubaki umesokotwa siku zote gari linapotembea, ukachanika mapema. Pasipo na shimo la gereji, subira ya kulishusha gari na kuingia tena chini yake ni kipimo halisi cha fundi.

Baada ya hapo hukaguliwa maunti za injini, shokapu na upepo wa tairi, na dereva huelekezwa aachie klachi polepole na apunguze mafuta mara tu tairi zinapoanza kudunda, kwa kuwa kuendelea kukanyaga kunaweza kuvunja drive shafti.

Wapo wanaofunga bushi ngumu za poliyurethani, ambazo hupunguza kudunda lakini huleta mtetemo ndani ya gari. Nguvu ambayo mpira ulikuwa ukiimeza inakwenda wapi, basi, katika gari kuukuu ambalo bati zake zimeshaanza kuliwa na kutu? Na kwa wale wanaoweka spesa ili kuinua gari, wakapandisha kitovu cha uzito na kubadili pembe ya drive shafti, ni kimo gani kinachogeuza tiba ya mashimo kuwa chanzo kipya cha kudunda?