Ulemavu Hupimwa Wapi: Mwilini au Maishani?

Kwa muda mrefu athari za ulemavu zilipimwa kwa kuutazama mwili peke yake. Kipimo kinachojulikana sana katika huduma za utengamao, yaani huduma za kumrejeshea mtu uwezo wa kuendesha maisha yake, ni kile cha Barthel kilichochapishwa nchini Marekani mwaka 1965, ambacho huangalia mambo 10 kama vile kula, kuoga, kuvaa, kudhibiti haja na kupanda ngazi, kisha hutoa alama kuanzia 0 hadi 100. Watunzi wake wenyewe walitahadharisha kwamba mtu anayepata alama 100 huenda bado asiweze kuishi peke yake, kwa kuwa kujilisha ni jambo moja na kupika, kutunza nyumba na kuchangamana na watu ni mambo mengine.

Pengo hilo lilipewa msamiati mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani lilipopitisha uainishaji mpya unaotenganisha uwezo, yaani kile ambacho mtu anaweza kukifanya katika mazingira sanifu yaliyo sawa kwa wote, na utendaji, yaani kile anachokifanya kweli mahali anapoishi. Mtu anayeendesha kiti cha magurudumu kwa ustadi, lakini akashindwa kuingia katika ofisi ya serikali kwa sababu mlangoni kuna ngazi tupu, ana uwezo mkubwa na utendaji mdogo, na tofauti kati ya hivyo viwili ni kipimo cha jengo, si cha miguu yake.

Mfano mzuri wa kupima utendaji huo, hasa ushiriki wa mtu katika familia na jamii, ni dodoso la maswali 18 lililotokana na utafiti uliofanyika Nepal, India na Brazil, hasa miongoni mwa watu walioathiriwa na ukoma. Anayehojiwa hujilinganisha na wenzake wanaofanana naye kwa kila hali isipokuwa ugonjwa au ulemavu, na kila anapoeleza kwamba hashiriki kama wao, huulizwa jambo hilo linamsumbua kwa kiasi gani. Miongoni mwa maswali hayo, moja huuliza kama maoni yake yanahesabiwa katika mazungumzo ya familia, na jingine kama vyombo anavyolia chakula huwekwa pamoja na vya wengine nyumbani. Sahani iliyotengwa kabatini hufichua unyanyapaa ambao hakuna uchunguzi wa misuli wala mishipa ungeweza kuuona.

Kujitegemea nako kunahitaji kueleweka upya, kwani si lazima kumaanishe kufanya kila kitu kwa mikono yako mwenyewe. Kipimo kiitwacho CHART, kilichotungwa katika Hospitali ya Craig, jimboni Colorado, kwa ajili ya watu walioumia uti wa mgongo, huuliza saa ambazo mtu husaidiwa kwa siku, lakini huuliza pia ni nani anayewapa wasaidizi maelekezo. Anayevalishwa nguo alizozichagua, kwa saa aliyoipanga mwenyewe, anaongoza maisha yake, ilhali anayeamuliwa kila jambo na jamaa zake amepokonywa uhuru hata kama mikono yake ni mizima.

Kwa hiyo kipimo kinachomtendea haki mtu mwenye ulemavu ni kile ambacho alama zake hubadilika pale njia ya mteremko inapojengwa, mkalimani wa lugha ya alama anapoajiriwa, au sahani inaporudishwa kati ya sahani za wenzake, ingawa mwili wake umebaki ulivyokuwa.