Majani ya Miche Yanapogeuka Rangi Chini ya Taa

Wengi wakaao ghorofani, ambako jua halifiki dirishani, siku hizi huotesha miche ya nyanya ndani ya nyumba chini ya taa za umeme. Kazi hiyo ni njema, lakini aghalabu jani la kwanza liingiapo umanjano, mwenye miche hukimbilia mbolea. Mbolea isiyohitajiwa huunguza mizizi, na miche ambayo ingepona hufa kabla ya kufika bustanini.

Yampasa kwanza autoe mche nje kwenye mwanga wa mchana. Taa zile za zambarau hutoa zaidi nuru nyekundu na ya buluu. Chini yake jani zima huonekana kama jeusi, na la manjano kama jekundu. Macho hudanganyika.

Kisha aangalie umanjano umeanzia wapi. Mmea upungukiwapo na naitrojeni huiondoa katika majani makuukuu na kuipeleka katika machanga. Hivyo majani ya chini hufifia yote pamoja na mishipa yake. Hapo ndipo mbolea ifaapo. Magnesi nayo huhama vivyo hivyo, ila mishipa hubaki ya kijani huku nyama ya jani iliyo katikati ikiwa manjano. Kijiko cha chai cha chumvi ya haluli katika lita 1 ya maji chafaa. Chuma, kinyume chake, hakihami: majani machanga ya kileleni ndiyo yafifiayo. Mara nyingi chuma chenyewe kimo udongoni, bali mizizi imezama majini isiweze kukivuta. Yafaa kupunguza maji na kutoboa tundu chini ya kopo, jambo ambalo wengi hulisahau.

Urujuani chini ya jani huletwa na upungufu wa fosfori, au baridi tu.

Iwapo majani ya juu yaliyokabili taa ndiyo yaliyopauka na ya chini ni mazima, taa iko karibu mno. Taa ndogo ikiinuliwa kutoka sentimita 20 hadi 40, nuru ilifikiayo jani hubaki kadiri ya robo. Tena nyanya huhitaji giza. Ikiwashiwa taa saa zote 24 majani yake huingia manjano hata ikiwa na chakula chote. Saa 14 hadi 16 zatosha.

Jani lililokwisha kuharibika kwa kawaida halirudii hali yake. Yatazamwe yale mapya yatakayochipua baada ya wiki moja au mbili.