Mahali pa Yaliyomo: Desturi za Waandishi wa Wikipedia na Ukurasa wa Karatu

Kila kaumu ya watu wafanyao kazi pamoja, hata kama wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso, haikosi kujiwekea mila zake. Na jumuiya ya waandishi wa Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, inazo mila hizo kwa wingi. Mtu akisema neno katika ukurasa wa majadiliano, hutia sahihi yake kwa viwimbi vinne; makala iliyo changa huitwa mbegu, nayo huachwa wazi kwa yeyote awezaye kuiongeza; na waliopewa mamlaka ya kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu huitwa wakabidhi, ambao hawapati ujira wala hawana amri juu ya rai ya mwenzao. Miongoni mwa mila hizo iko moja ambayo wageni huidhania kuwa jambo dogo, nayo ni mahali pa kuweka orodha ya yaliyomo.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mwandishi hukizungushia kichwa cha sehemu alama mbili za usawa kila upande, na kichwa kidogo kilicho chini yake alama tatu. Vichwa vikifika vinne, mashine huiunda orodha yenyewe, na kwa taratibu ya kale huiweka baada ya aya za utangulizi na kabla ya kichwa cha kwanza. Atakaye orodha ikae pengine huandika herufi TOC, zikiwa na mistari miwili ya chini mbele na nyuma, pale pale anapopataka. Na atakaye isionekane kabisa huandika NOTOC kwa namna hiyo hiyo. Lakini ruhusa si desturi, na aghalabu mwandishi mzoefu hazigusi herufi hizo ila kwa dharura, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuambiwa kwanza jambo lenyewe ni nini, kisha ndipo aonyeshwe milango ya kuingilia.

Desturi hii ya kumtangulizia msomaji orodha haikuzaliwa na mashine. Plinio wa Roma, alipomtolea Tito, mwana wa Kaisari Vespasiano, kitabu chake kikubwa cha elimu ya maumbile mnamo mwaka 77, alikifanya kitabu cha kwanza chote kuwa orodha ya mambo yaliyomo katika vingine 36, ili mtu mwenye shughuli nyingi aende moja kwa moja kwenye lile alitakalo. Wafaransa, kwa upande wao, wamezoea kuiweka orodha hiyo mwishoni mwa kitabu, na hakuna awezaye kusema kwamba wamekosa adabu.

Tukija kwenye kurasa za wilaya ya Karatu, nchini Tanzania, tunaiona mila hii ikifanya kazi kwa namna mbili. Kata za wilaya hiyo, kama Rhotia, Oldeani, Mang'ola na Endabash, kila moja ina ukurasa wake mdogo, na nyingi za kurasa hizo ni mbegu: sentensi moja ya kutaja wilaya na mkoa, hesabu ya watu kwa mujibu wa sensa, na marejeo. Hapo orodha haitokei, wala hakuna sababu ya kuilazimisha, kwani mwenye chumba kimoja hahitaji kumwonyesha mgeni njia ya vyumba.

Ama ukurasa mrefu wa Karatu yenyewe una shida nyingine, na hiyo ndiyo iliyonivuta kuandika haya. Katika nchi ile, kati ya bonde la Ziwa Eyasi na ukingo wa Ngorongoro, wanakaa Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, ambao wengi wao walipanda kutoka Mbulu katika karne ya ishirini. Wako Wadatoga na Wamaasai, wafugaji wenye lugha za Kiniloti. Wako Wabantu wa makabila mbalimbali. Na wako Wahadzabe, wawindaji na wachuma matunda, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Basi mwandishi atawapanga vipi? Katika aya ndefu mpangilio mbaya hujificha. Katika yaliyomo hauna pa kujificha. Ikiwa Wairaqw wametajwa chini ya kichwa cha Wakazi, na Wahadzabe, ambao waliwatangulia wote kukaa Eyasi, wametajwa chini ya kichwa cha Utalii, baina ya hoteli na mbuga, orodha itamtangazia kila msomaji dharau ambayo pengine mwandishi mwenyewe hakuikusudia. Vivyo hivyo, vitunguu vya Mang'ola na kahawa ya Oldeani vikiachwa kuwa mstari mmoja chini ya safari za kreta ya Ngorongoro, atafahamu msomaji kwamba ukurasa umeandikwa kwa macho ya mpita njia, si ya mwenyeji.

Siku hizi taratibu imebadilika. Umbo jipya la ukurasa liitwalo Vector 2022, lililofanywa kuwa la kawaida katika Wikipedia ya Kiingereza mwezi Januari 2023, liliihamisha orodha na kuiweka ubavuni, ikabaki mbele ya macho hata msomaji anaposhuka chini. Wahariri wengi walinung'unika, na mjadala ukawa mkali. Katika simu orodha hiyo kwa kawaida haionekani, bali vichwa vya sehemu hujikunja vikangoja kufunguliwa kwa kidole, na kwa hiyo mwanafunzi wa Karatu asomaye kwa simu hukutana na vichwa vyenyewe, kimoja baada ya kimoja, kwa mpango ule ule alioupanga mwandishi.

Kwa hiyo ubishi wa juu au pembeni utapita kama ulivyopita mwingine, kwa kuwa mafundi watalihamisha sanduku kila watakapobuni umbo jipya. Lisilohamishwa na fundi yeyote ni daraja ya vichwa. Mwenye kutaka kuongeza ukurasa wa Karatu na aandike kwanza vichwa vyake vitupu, avisome kutoka juu hadi chini kana kwamba yeye ni Mhadzabe, kisha Mwiraqw, kisha Mdatoga, na pale atakapoona haya avirekebishe kabla hajaandika aya hata moja.