Sura ya Sita: Hewa ya Mbeya Haijawahi Kufunga Bao

Mtajie mpenzi wa soka jina la Tukuyu Stars. Kabla hujamaliza, atakwambia wale walikuwa na mganga wao. Mwenzake atamkatiza: mganga gani bwana, ni hewa ya kule, mtu wa pwani akipanda Mbeya mapafu yanagoma. Nimeyasikia haya vijiweni, nimeyasikia kwenye mabasi na, la aibu zaidi, nimeyasikia redioni kwa watu wanaolipwa kuchambua mpira. Sura hii nimeiandika ili yote mawili yazikwe.

Kwanza kilichotokea. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wa Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha tangu 1979, lakini nchi ilikuwa haijapumua. Ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyotuomba Mwalimu Nyerere ilikuwa imezaa miaka. Sabuni na sukari vilipangiwa foleni, mafuta na vipuri vya magari vilitafutwa kwa kujuana. Mzee Mwinyi alikuwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu, Novemba 1985. Katika hali hiyo, vijana wa wilaya ya chai na ndizi, kilomita 70 hivi kusini mwa Mbeya mjini, walisafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam kukabiliana na vigogo wa Kariakoo, Simba na Yanga, na mwisho wa msimu kombe likapanda mlima.

Habari ya mganga sitaipotezea karatasi nyingi. Katika soka letu karibu kila timu ina "kamati ya ufundi", na kila msomaji anajua ufundi unaosemwa hapo si wa pasi fupi. Mwaka 2003 Simba na Yanga zenyewe zilipigwa faini kwa vituko vya kishirikina uwanjani. Kitu ambacho kila timu inacho hakiwezi kueleza kwa nini moja imekuwa bingwa na nyingine imeshuka daraja. Anayeng'ang'ania mganga wa Tukuyu anadaiwa maelezo ya waganga wa timu nyingine zote walioshindwa mwaka ule.

Sura hii inagusa timu tatu za nyanda za juu: Tukuyu ya 1986, Mbeya City ya 2014 na Lipuli ya Iringa ya 2019. Lakini hewa lazima tuimalize kwanza, maana yenyewe inavaa koti la sayansi na inawadanganya hata waliosoma.

Husemwa kwamba kule juu sehemu ya oksijeni katika hewa ni ndogo. Si kweli. Uwe Kigamboni pwani au kileleni Loleza, Mbeya, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo kanieneo hiyo ni takriban sehemu nne kati ya tano za ile ya pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu kidogo. Mchezaji mgeni atahema mapema zaidi na atachelewa kurudisha pumzi baada ya kukimbia kwa kasi. Mwili hujirekebisha kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, kazi inayochukua wiki kadhaa. Mpira nao unabadilika: hewa nyepesi haiukwamishi sana, hivyo ule mrefu unakwenda mbali zaidi na ule wa kona unapinda kidogo kuliko kipa wa pwani alivyozoea. Faida ipo, ila ni ndogo. La Paz ya Bolivia, iliyofanya FIFA mwaka 2007 ijaribu kupiga marufuku mechi za milimani, iko mita 3,600. Mbeya haifiki hata nusu ya hapo.

Tena faida hiyo hulipiwa. Kijana wa Tukuyu akishuka Dar es Salaam mwezi Februari anakuta unyevu unaozuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ligi ni nyumbani na ugenini. Ulichokipata Uwanja wa Sokoine, Mbeya, unaweza kukirudisha chote Dar.

Asiyeridhika na fiziolojia achukue kalamu, na hapa Mbeya City inanipa hesabu ninayoipenda kuliko zote. Msimu wa 2013/14 timu hiyo ya Halmashauri ya Jiji, chini ya kocha Juma Mwambusi, ilikuwa ndiyo kwanza imepanda. Ilimaliza ya tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga, Simba ikiwa ya nne. Ligi ilikuwa na timu 14, kwa hiyo kila timu ilicheza mechi 13 nyumbani. Mojawapo Mbeya City iliipoteza: Aprili 2014 Azam ilipanda kutoka Chamazi, Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari, ikashinda 2-1 palepale Sokoine na kutangazwa bingwa. Hewa siku hiyo ilikuwa wapi? Zimebaki mechi 12. Tuseme Mbeya City ilizishinda zote: ni pointi 36. Toa 36 katika 49, zinabaki 13. Hata tukiikopesha hewa ushindi wote wa nyumbani, pointi zisizopungua 13 zilitafutwa ugenini, kwa miguu na akili. Na kama hewa ingekuwa inatoa makombe, Mbeya ingekuwa nayo kabatini kila mwaka. Ubingwa wa Bara imeupata mara moja tu, ule wa 1986. Iringa, yenye hewa ileile, haijaupata kabisa.

Swali la maana ni kwa nini timu hizi hazidumu. Zinapanda na kikosi kilichozoeana, wapinzani hawajakisoma, wachezaji wana njaa ya kuonekana. Kisha wanaonekana. Godwin Aswile na Salum Kabunda "Ninja" wa Tukuyu waliishia Yanga. Deus Kaseke wa Mbeya City alikwenda Yanga mwaka 2015, na Mwambusi mwenyewe akamfuata kuwa kocha msaidizi. Mwaka 2023 Mbeya City ikashuka daraja. Lipuli nayo ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Juni 2019, ikafungwa 1-0 na Azam kule Ilulu, Lindi. Kocha Selemani Matola akaondoka, na mwaka uliofuata timu ikashuka.

Simlaumu mchezaji anayefuata mshahara. Nawalaumu viongozi wanaompa mkataba wa mwaka mmoja, wanamlipa kwa kuchelewa, kisha akiondoka bure wanasema timu imerogwa. Kiongozi wa Mbeya au Iringa anayetaka kulinda kikosi kinachopanda amwite mwanasheria kabla ya mechi ya kwanza, amwambie aandike mikataba ya miaka mitatu yenye kifungu cha fidia. Yanga na Simba watakuja tu. Wakija, walipe.