"Mimi" wa shefu ni nani?

Bandugu wa Dilolo, na ninyi wote wenye kuandika TFE juu ya historia yetu, leo nataka tuangalie neno moja dogo: "mimi".

Nianzie mbali. Katika karne ya 12, kule Kashmir, mshairi Kalhana aliandika kwa Kisanskriti historia ya wafalme wa nchi yake, Rajatarangini, maelfu ya beti. Baba yake alikuwa waziri wa mfalme Harsha, basi mambo ya ikulu aliyajua. Hata hivyo hakutosheka na kusikia tu: alisoma vitabu vya waliomtangulia, akachunguza maandishi ya mahekaluni na hati za wafalme. Alitaka mwandishi aamue bila kupendelea.

Sasa turudi kwetu. Kiti cha Mwant Yav kiko Musumba, upande wa Kapanga. Kwa Walunda, mwenye kurithi cheo anarithi pia jina na undugu wa aliyemtangulia. Njo maana shefu anaweza kukuambia "mimi nilivuka mto", na jambo lenyewe lina miaka mia mbili. Hasemi uongo; cheo njo kinasema. Vilevile, akimwita shefu mwenzake "mjomba", usikimbilie kuchora mti wa familia. Pengine waliokuwa mjomba na mpwa ni wale wa kwanza kukalia viti hivyo. Watu wanakufa, undugu wa viti unabaki.

Habari hizo zimeingia hata kitabuni. Mwaka 1951, historia ya Walunda waliohamia Luapula ilichapwa kwa Kibemba, kwa jina la Mwata Kazembe XIV: Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake "Mababu zangu na watu wangu". Kalhana aliandika juu ya wafalme. Hapa mfalme mwenyewe njo anasimulia.

Kuna shida gani? Hapa Lualaba, habari ya nani alifika kwanza inagusa ardhi, na ardhi ina shaba. Ukiandika vibaya, unaweza kumpa mtu haki isiyo yake, ao kumnyima yake.

Kwa hiyo, ukikaa mbele ya mzee na telefone inarekodi, muulize kwa heshima: "Baba, huyu 'mimi' ni nani? Kabla yake nani alikalia kiti?" Kisha nenda kwa majirani, usikie nao wanasemaje. Na "mimi" wa mzee usimgeuze "yeye". Mwandike vile alivyosema, halafu mfafanulie msomaji.